Pakiti Iliyopigwa Pasi

Dayton, Ohio
Jumapili, baada ya kanisa

Kaka yangu Clement,

Nakusalimu kwanza kwa sababu Mama alitulea tusalimiane hata tukitaka kung'oana macho. Hujambo? Goti lako linaendeleaje, na wifi yangu Marlys kikohozi kimemwacha? Huku kwetu tu wazima, watoto wanakusalimu, ila mimi nimekasirika, na hasira hii nimelala nayo na nimeamka nayo. Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa kuwa kwenye simu wewe hunikatiza kwa mizaha yako. Leo utanisoma mpaka mwisho, halafu tutajua kama bado tuna udugu.

Unajua tangu mwaka jana nimerudia kadi za besiboli, zile za picha za wachezaji, zinazouzwa kwenye pakiti zilizofungwa usijue umepata nani. Nilikuwa nimeziacha nilipoolewa. Watoto walipohama, nyumba ikapooza, na Jumamosi moja niliingia dukani kwa Orville kukwepa mvua, nikatoka na pakiti mbili, nikazifungulia ndani ya gari huku nacheka peke yangu. Sasa kila Jumamosi niko pale kwenye meza ya nyuma na wazee wenzangu. Meza ile ina adabu yake: mwenye pakiti hufungua mwenyewe, husoma majina kwa sauti, kadi moja moja, na hakuna anayegusa mpaka amalize. Wananiita Shangazi. Nikipata mchezaji asiyejulikana hata mtaani kwao, Desmond, mcheshi wa meza, hunipa mkono wa pole kana kwamba nimefiwa.

Kwa hiyo ndipo nilipokumbuka pakiti za Baba. Sina haja ya kukueleza, lakini nitaeleza, maana naona umesahau. Kila msimu ulipoanza, Baba alipitia dukani akitoka karakana ya reli, ananunua pakiti tatu. Moja yako, moja yangu, na ya tatu haifunguliwi, inaingia kwenye bati la biskuti juu ya kabati. Alisema hizo ni zetu sote watatu, na tutazifungua tumeketi pamoja, akistaafu. Akastaafu, mimi nikiwa huku, wewe huko Altoona, kila Krismasi tukisema mwakani. Kisha akaugua. Tulipomzika, bati likabaki kwako, na mimi sikusema neno.

Mwezi jana nikakuomba pakiti moja tu. Ulijivuta, ukaniuliza ya nini, ukasema vitu vya zamani viachwe vilivyo. Mwishowe ukanitumia, imefungwa ndani ya soksi. Jana nikaipeleka kwa Orville. Akazima redio. Wazee wakasogeza viti, Desmond akavua kofia. Nikawaambia ni ya marehemu baba yangu, nikafungua, nikaanza kusoma majina.

Nilifika katikati tu. Desmond akavunja adabu ya meza, akanishika mkono, akaniambia, "Shangazi, simama hapo hapo. Hii mtu kashaichezea." Nikamwambia aache utani wake. Akasema safari hii hatanii. Unajua pakiti za zamani zilikuwa na kipande cha chingamu kinachogusa kadi ya mwisho tu, na miaka ikipita kinaiachia doa la kahawia. Basi alipoigeuza kadi ya mwisho, ilikuwa safi kabisa, na doa liko kwenye kadi ya katikati. Akanionyesha na karatasi ya pakiti, pale nta inayoigandisha ilipotandaa baada ya kupitiwa na pasi ili ifungike upya. Orville akauliza ni nani aliyeniuzia kitu namna hii. Nikajibu kwamba sikuuziwa, nimepewa na kaka yangu wa tumbo moja. Wote wakaangalia chini, na aibu ile, Clement, niliibeba mpaka kwenye gari.

Njiani nilikutukana matusi yote niliyoyajua na mengine niliyoyatunga. Niliamini umefungua pakiti, ukachomoa kadi nzuri, ukauza, ukanirudishia makapi. Nilishaanza hata kukutafutia udhuru: paa lako linavuja, goti limekuweka nyumbani. Ukweli ni kwamba kabla sijafika mlangoni nilikuwa nimekwisha kukusamehe nusu.

Leo baada ya misa nikampigia Mama. Mwanzoni akanizungusha, mara hasikii vizuri, mara maziwa yanachemka. Nikamwambia, "Mama, maziwa yachemke. Clement ameziuza kadi za Baba?" Akashtuka, akasema, "Usimsingizie mwenzio, hajauza hata moja." Ndipo akanieleza. Kwamba mlizifungua zote hospitalini, wewe na Baba, wiki yake ya mwisho, bati likiwa kitandani katikati yenu. Kwamba Baba alisoma majina yote kwa sauti ya mtangazaji, akacheka mpaka nesi akaja kuwanyamazisha, na badala ya kunyamaza akampa nesi kadi. Kila aliyeingia alipewa, hata aliyepiga deki. Kwamba baadaye ulijazia kadi zako kwenye mapengo, ukazifunga pakiti tena kwa pasi, moja moja, mezani kwa Mama, umeweka leso juu, ili dada asijue.

Nikamuuliza Mama kwa nini sikuitwa. Akasema Baba ndiye aliyekataza. Alisema, "Rosalie akija atalia, na mimi leo nataka kucheka."

Ni kweli ningelia. Basi? Ningelia, nikamaliza, nikapangusa pua, nikacheka! Kila jioni ya wiki ile nilikupigia nikikuuliza nianze safari, na wewe ukanijibu, "Usijisumbue dadangu, amelala tu siku nzima." Miaka miwili nimeishi nikiamini baba yangu alikufa amelala.

Sasa nakiri kwako jambo ambalo sikumwambia hata Mama. Aliponiambia hukuuza, sikufurahi. Niliumia kuliko nilivyoumia dukani. Afadhali ungekuwa mwizi, Clement. Mwizi ningemsamehe, nilishaanza. Lakini wewe ulikuwa na Baba anayecheka, ukaninyima, kisha ukanipigia pasi karatasi tupu nijifariji nazo.

Pakiti zilizobaki usinitumie. Kaa chini leo hii uniandikie alisoma jina gani kwanza, alimwambia nini nesi, kicheko kilianzaje na kikaishaje. Usiruke kitu na usitie mzaha. Nitalia, na safari hii hutanizuia.

Msalimie Marlys, mwambie sina ugomvi naye. Mama mbusu shavuni, uniombee radhi kwake kwa maziwa yaliyochemka yakamwagika tukiongea.

Dada yako, mpaka nitakaposoma jibu lako,
Rosalie