Sahani ya Mama Kwenye Harusi ya Kana

Mwende mdogo wangu,

Natumai Kikima mna baridi yenu kama kawaida. Huku Kitui jua limenichoma mpaka nikaingia kanisa la Wakatoliki kutafuta kivuli. Ukutani kuna harusi ya Kana, imetengenezwa kwa vipande vya chupa na vyombo. Ndiyo hiyo picha ya kadi.

Angalia mtungi wa tatu. Kile kipande cheupe kina alama ya rangi ya kucha, ile Mama hupaka chini ya sahani zake kabla majirani hawajaziazima. Na sahani iliyopotea ni moja tu, ile tuliyoambiwa Mama Kioko alibaki nayo baada ya harusi ya binti yake. Mpaka leo Mama hamsalimii.

Nilimuuliza mzee anayefagia kanisa vipande vilitoka wapi.

"Wasichana wa bweni ndio walileta," akasema. "Kila mmoja alitoa kitu kilichovunjika kwao."

Kwetu ni nani mwingine alisoma bweni Kitui ila wewe?

Mama ataitaka hii kadi ukutani, na miwani yake mpya inaona vizuri. Mwambie ukweli kabla hajaivaa. Nikirudi nataka nimkute Mama Kioko kwetu akinywa chai.

Nakupenda hata hivyo,
dada yako Ndinda