Nimeitwa Nikacheka

Jumatano, 4 Oktoba 1961

Nilikuwa nimefika wapi jana, ugali ulipoanza kuungua? Ndiyo, darasa la biashara. Leo nimepeleka jina tena. Mara ya tatu hii. Ya kwanza walisema sijui kuandika. Nikaenda kujifunza kwa masista, mtu mzima mimi, dawati moja na vibinti vidogo. Ya pili wakasema nafasi zimejaa. Zimejaa wanaume. Mmoja hata chenji hawezi kuhesabu. Nilimuuzia samaki, ningu, nikamrudishia pungufu makusudi, nimpime. Akashukuru.

Ukimaliza darasa ndiyo unapata leseni ya duka. Bila hiyo nitakaanga samaki mpaka nife. Watu wanaimba uhuru Desemba. Mimi nanuka sato.

Jumamosi, 7 Oktoba

Pazi kapita mezani kwangu sokoni. Huyu ndiye karani wa darasa. Yeye Mzaramo, mimi Msukuma, basi watani. Hajawahi kunisalimia kama mtu. Kachukua sato mzima kwenye karai, anatafuna huku anaenda zake, na kukasirika siruhusiwi. Nikamnyang'anya kofia. Wiki jana alilitangazia soko zima kwamba gavana kaniposa. Wengine wakaja kunipa pongezi, wajinga wale.

Mama Sabina alicheka mpaka akakaa chini. Mkerewe huyu, meza zetu zimepakana. Nampenda. Anajua kusikiliza. Habari zangu zote anazo. Kusoma kanizidi, ila hajisifu.

Jumatano, 11 Oktoba

Pazi tena. Kasimama mbele ya karai, kapaza sauti:

"Wewe mfuata mkia wa ng'ombe, umechaguliwa. Jumatatu saa nane mchana. Na uoge."

Soko likaangua kicheko. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Nikamwambia, "Mzaramo hasemi kweli mpaka azikwe. Kamwambie gavana wako anisubiri." Kaondoka na sato mwingine.

Anitanie kabila, anitanie mwili, sawa. Hilo la darasa, hapana. Anajua nimekataliwa mara mbili. Sitamwonyesha kama kaniumiza.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimekaanga kutwa. Moshi mtupu. Saa nane ilipofika niliitazama njia ya Nyakato, kwenye darasa, nikajicheka. Ningeenda kusimama mlangoni pale, Pazi angepata la kusimulia mpaka Krismasi. Mama Sabina hakuwepo mchana. Kasema jino.

Alhamisi, 19 Oktoba

Pazi kaja. Hakugusa samaki. Kavua kofia mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

Mtani akikuamkia, jua kuna msiba. Nikaitika marahaba.

"Mama Kulwa, tulikusubiri Jumatatu. Jina lako lilisomwa la kwanza."

Nikamuuliza kama naweza kwenda kesho. Akaangalia chini. Nafasi imeshachukuliwa. Kasema siku ile ile alifika mama mmoja wa hapa sokoni, akawaambia Mama Kulwa kaitwa, kacheka, hataki. Wakampa karatasi aandike, akaandika vizuri. Wakamchukua yeye.

Nikageuka kuangalia meza ya jirani. Nzi tu.

Jumapili, 22 Oktoba

Sijasema na mtu tangu siku ile. Mimi. Kulwa mwanangu anadhani homa, kanipikia uji.

Nimekaa namtafuta wa kumlaumu. Pazi, siwezi, mtani halaumiwi, na wala hakudanganya. Mama Sabina kasema uongo gani? Niliitwa kweli. Nilicheka kweli, soko zima shahidi. Angeniambia tu, dada, twende wote tukaangalie. Neno moja. Hakulisema. Alicheka na mimi huku anahesabu hatua zake. Nimemlisha habari miaka yote hii, yeye moja tu kaninyima.

Namchukia. Nalia kama mtoto.

Jumatatu, 23 Oktoba

Ziwa limetulia. Mtumbwi wa kutoka Kamanga umeleta sato wazuri, wanene. Naandikia juu ya gunia, wateja wa jioni hawajaanza. Mama Sabina kaja na viatu vyeusi, vipya. Tumesalimiana. Kaniuliza kama uji wa Kulwa umenisaidia. Nikasema umenisaidia.

Pazi anasema mwakani watapokea majina tena. Nitapeleka. Labda nitapeleka. Mwakani sijui nita

Mama Sabina ananiita. Saa nane inakaribia, anaomba nimwangalizie meza.