Pistoni ya Nne

Nyumbani kwa Baba,
Jumapili asubuhi.

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za dada yako, hizo ambazo umezoea kusema zinanuka chaki. U hali gani? Wifi yangu hajambo? Na yule mjukuu wenu aliyekuwa akisumbuliwa na meno, yameota, au mtaa mzima bado unakesha naye? Sisi huku ni wazima. Baba anaendelea vizuri kwa mtu wa miaka themanini na sita: macho yamepungua, masikio yamepungua zaidi, lakini ulimi wake haujapungua hata chembe. Mimi magoti yananisumbua, nami nimeyazoea kama mtu anavyomzoea jirani mgomvi.

Nina habari za lile gari la Baba. Unajua kwamba limekaa bandani miaka mingi chini ya turubai, na kwamba halitajwi kila unapokuja kututembelea. Mwezi uliopita Baba aliniita, akaniambia kwamba hataki kufa kabla hajaisikia injini ile ikinguruma bila kutetemeka. Nikamkumbusha kwamba ni yeye aliyeapa, miaka arobaini iliyopita, kwamba aliyeiharibu ndiye atakayeifungua. Akanijibu kwamba kiapo ni chake, na mwenye kufunga ndiye mwenye kufungua.

Basi tukaishusha injini, tukaipeleka kwa fundi wa mtaa wa pili ambaye watu humwita Miwani, kwa sababu hutembea na jozi mbili za miwani, moja machoni na nyingine utosini. Baba akataka apelekwe naye. Akakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni pa karakana, mikono juu ya mkongojo, kama msimamizi wa mitihani. Miwani alipoitoa kranki, ule mhimili mzito unaozungushwa na pistoni, Baba alimwambia kwa sauti ya kiziwi kwamba asipoteze muda kuitazama. Aitie kwenye mashine aitoboe upya, kwa kuwa ilisawazishwa na mtoto mwenye pupa.

Mimi najua kwamba hukuwa na pupa. Nilikuwepo. Uliilaza kranki juu ya vyuma viwili vilivyonyooka, ukaisukuma kwa kidole, ukangoja upande mzito ushuke, ukautoboa kidogo, ukaisukuma tena. Siku tatu. Chakula chako kilipoa, nikakila mimi. Siku ya tatu ilitulia popote ulipoiacha, nawe ukaniita niisukume mwenyewe ili nishuhudie.

Miwani aliizungusha kwenye mashine yake. Akabadilisha miwani, akaizungusha mara ya pili, halafu ya tatu. Kisha akamwinamia Baba sikioni, akamuuliza ni fundi gani aliyeisawazisha kranki hii, maana mashine haioni la kupunguza wala la kuongeza. Baba alitaka arudiwe. Aliporudiwa, akasema mashine ni mbovu. Miwani akacheka, akamwambia kwamba mashine haina ukoo na mtu, mzee wangu, haina sababu ya kumpendelea.

Baba akauliza, kama kranki ni nzima, injini ilitetemeshwa na nini, na majini? Ndipo Miwani alipoleta mizani ndogo, akapima pistoni moja moja. Tatu zilikuwa na uzito mmoja. Ya nne ilizizidi kwa gramu thelathini na moja. Akaeleza kwamba upana wake ni uleule na jicho haliwezi kuitofautisha, lakini imetoka katika seti nyingine. Na injini ikienda kasi, gramu hizo hugeuka nyundo.  Baba akasema kwamba pistoni zote nne alikukabidhi yeye, na alizipima yeye.

Mdogo wangu, nimewafundisha watoto wa watu kusema kweli kwa miaka thelathini na saba, na kuna sentensi moja ambayo nimeikwepa tangu kabla sijawa mwalimu. Ni mimi.

Asubuhi ile ya kufunga injini, ulipokwenda kunawa, nilikuwa nikizifuta pistoni na kuzipanga kitambaani, kazi niliyopewa kwa kuwa mimi ndiye mtoto mwangalifu. Moja iliniponyoka, ikaanguka sakafuni, ikamomonyoka ukingo. Nikaificha. Nikachakura sanduku la vipuri vya zamani, nikapata nyingine ya upana uleule, nikaiweka mahali pake. Wewe ukaifunga. Jioni Baba akaweka glasi ya maji juu ya injini, maji yakarukaruka hadi yakamwagika, naye akakutazama mikono na kusema kwamba mikono hiyo ingefaa zaidi kushona vifungo. Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwenu. Zilibaki siku tisa niende chuo cha ualimu, nikaogopa kwamba angenizuia. Sikuwa na hakika kwamba pistoni ndiyo iliyokosa; nilishuku, nikaona afadhali nisijue. Mwaka uliofuata ukaenda kujifunza ushonaji, na watu wakasema umemkomoa Baba.

Pistoni iliyomomonyoka ninayo. Imekaa chini ya sanduku langu la nguo miaka yote hii. Kesho yake ya siku ile ya mizani, Baba akiwa tena kwenye kiti chake karakanani, niliipeleka kwa Miwani, akaipima: hata ikiwa na pengo lake, imepungua gramu mbili tu kuliko zile tatu. Kisha nikaiweka mapajani pa Baba, nikamwambia yote, kwa sauti kubwa, kwa kuwa masikio yake hayaruhusu kunong'ona. Karakana nzima ilisikia.

Alipapasa ule ukingo kwa kidole gumba. Nilitazamia anigombeze; nilitamani anigombeze. Akaniambia tu nimrudishe nyumbani. Tulipofika, akaliomba lile koti ulilomshonea mwaka aliofiwa na Mama, ambalo hajapata kulivaa hata siku moja. Akalivaa mbele ya kioo. Linampwaya mabegani, maana amepungua. Akavuta vifungo, kimoja baada ya kingine, akasema havilegei.

Miwani amepata pistoni mpya, zote nne uzito mmoja, lakini Baba amemkataza kukaza hata nati moja. Anasema aliyeisawazisha ndiye atakayeifunga. Na uje na futi yako ya kupimia, kwa sababu koti linahitaji kupunguzwa, naye hatapimwa na mshonaji mwingine. Nilimuuliza kama hayo ndiyo maneno ya kumwandikia mtu baada ya kumlaumu bure miaka arobaini. Akasema niandike hivyo hivyo, utaelewa.

Mimi sina haki ya kukuita. Ukinipita mlangoni bila kunisalimu, nitakuwa nimestahili. Lakini njoo. Kitambaa nimekitandaza mimi. Pistoni amezipanga Miwani, nami sikuzigusa.

Msalimie sana wifi yangu, na umbusu mtoto kwa niaba ya bibi yake huyu. Baba anakusalimu. Amelivaa koti tangu alfajiri, na joto lote hili.

Ni mimi dada yako,
Chaki.