Nahodha Hakufa Sehemu ya Pili

Mtaa wa Mchikichi,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
Jumatano, 25 Juni 2025

Mpendwa mpwa wangu Mboni,

Kosa la watu wengi, hadithi ikiwachanganya, ni kumlaumu msimuliaji kabla hawajauliza hadithi yenyewe iliwafikia kwa mpangilio gani. Kosa hilo nimelifanya na mimi, na nitakuomba radhi mbele kidogo. Kwanza salamu, maana hata habari njema hupiga hodi.

Hujambo, mwanangu? Dada yangu anaendeleaje na goti lake? Mwambie mafuta ya kuchua apake asubuhi pia, asingoje mpaka liume. Sisi huku ni wazima. Mkazamjomba wako Leticia kikohozi kimemwacha, na cherehani yake inalia tangu alfajiri kwa sababu ya sare za kwaya. Kariakoo ni ileile: ukiinama kufunga kamba za kiatu, unainuka umeshauziwa soksi.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako imezimwa tangu ulipopanda basi kwenda Mbinga, wiki ya tatu hii. Sikulaumu. Kutukanwa na mtu mmoja ni jambo zito. Kutukanwa na mji mzima kwenye simu yako mwenyewe sijui ningelibebaje. Barua hii nampa kondakta wa basi la kesho alfajiri, naye ameniahidi itakufikia siku hiyohiyo jioni.

Sasa nisikilize taratibu, unajua nilivyo.

Misimu mitatu ya mwanzo ya *Kituo cha Zohali* uliitafsiri na kuiingizia sauti peke yako, na watu waliosema mwanamke hawezi kubeba muvi ya anga walinyamaza wenyewe. Ni wewe uliyemwita yule nahodha Bi Tausi, na leo wapo watoto Ilala wenye jina hilo. Ndiyo maana msimu wa nne, ule wa mwisho, ulipotoka mwezi wa tano, kila mtu aliukimbilia. Halafu matusi yakaanza. Eti umechanganya hadithi. Eti umechoka. Yule Abdulmalik anayeuza viatu vya mitumba Mchikichini alijirekodi akisema, "Dada kalala na maiki mkononi," na maneno hayo yakafika kila kona.

Mimi nilinunua ya kwangu kwenye duka la muvi hapa chini, wakaniwekea kwenye flashi, nikaichomeka nyuma ya televisheni. Sehemu ya kwanza ilikuwa safi. Iliyofuata, Bi Tausi anajifungia peke yake kituoni ili wenzake waondoke na hewa iliyobaki, kituo kinazama kwenye pete za Zohali, na wewe unatuaga kwa sauti inayokatika. Nikasema, mbona mapema? Kesho yake ikaja nyingine, na Bi Tausi huyo hapo, amekaa anakunywa chai.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilimwambia Leticia, "Mtoto wa dada kachoka." Nisamehe, Mboni. Nilisema kama alivyosema Abdulmalik, tofauti ni kwamba mimi sikujirekodi.

Leticia alikuwa ameacha uzi, anaitazama televisheni kwa jicho la kazi yake. Akasema, "Vitalis, lile gauni jana mkono wa kulia ulikuwa umeungua, umeshonwa kwa uzi mweusi. Leo ni mzima."

Nikamwambia labda wamembadilishia.

"Gauni ni lilelile, kitambaa nakijua. Nguo huchakaa kwenda mbele, mume wangu. Hairudi kuwa mpya."

Nilikaa na neno hilo usiku kucha, na asubuhi nikaipeleka flashi kwa jirani mwenye kompyuta. Tukaifungua, tukaona orodha. Sehemu namba moja, namba kumi, namba mbili, namba tatu, na kuendelea. Ya kumi ilikuwa imekaa ya pili.

Mimi nimekaa masjala miaka thelathini na moja. Karani mpya akipewa jalada namba kumi anaona moja mbele, basi analisukuma ubavuni mwa namba moja, na mkuu wake anahangaika siku mbili kulitafuta. Televisheni ni karani mpya asiyefundishika: inasoma tarakimu ya kwanza, inaridhika. Na ukitaka kujua kwa nini haikutokea zamani, hesabu sehemu. Misimu mitatu ya kwanza ilikuwa na tisa tisa, hakuna namba kumi ya kupotea. Wa mwisho una kumi. Maduka yote hapa huchukuliana nakala, na mabanda yote huchukua madukani. Kwa hiyo Dar es Salaam nzima ilimzika Bi Tausi siku ya kwanza, ikamwona akifufuka bila maelezo, na ikakutukana wewe.

Dawa yake ni kuweka sifuri mbele ya namba moja mpaka tisa. Nilifanya hivyo, nikautazama msimu wote upya. Sikula mchana ule.

Kisha nikaenda kwa Uledi, mwenye lile banda la video Mchikichini. Nikamweleza. Akanitazama kwa huruma.

"Mzee wangu, nirudie msimu waliouzomea? Nitakaa na viti vyangu."

"Jumapili asubuhi hakuna mpira," nikamwambia. "Viti vyako vinakaa bure. Waache watu wakae juu yake bure vilevile."

Alicheka, akakubali, kwa sharti kwamba nisimame mlangoni mimi mwenyewe niwaeleze waje kwa nini. Nilisimama tangu saa mbili. Walioingia kwanza hawakuzidi kumi na tano, na mmoja wao ni Abdulmalik, amekuja kucheka.

"Shikamoo, mzee. Marehemu leo anafufuka saa ngapi?"

"Marahaba. Leo hafi mapema. Kaa."

Tukaanza. Sehemu ya pili ya kweli, ile ya maji kuganda kwenye mabomba, hawakuwa wameielewa kabisa. Safari hii walicheka mahali ulipotaka wacheke. Ya nne waliacha kuongea. Wakati wa adhuhuri tulisimamisha, waliokwenda kuswali wakaswali, waliotaka wali wakala, na waliporudi kila mmoja alikuwa na mwenzake. Saa nane viti vilikwisha. Watu walikalia ndoo.

Katikati ya sehemu ya saba nikamwona Urvish, yule anayekupa kazi za kutafsiri, yuko mlangoni, funguo za gari mkononi. Nilikuwa nimekwenda ofisini kwake Kisutu siku mbili kabla, kumwomba aje, akanijibu kwamba yeye mteja akilalamika hachunguzi sababu, anatafuta sauti nyingine, na kwamba ile tamthilia mpya ya anga keshaongea na mwanamume mmoja wa Manzese. Nilidhani hatakuja. Alikuja, na funguo zikabaki mkononi mpaka mwisho. Hakukaa wala hakuondoka.

Nisikufiche lililosemwa kinyume chako, kwa sababu sifa tupu hazijengi. Sitara, yule muuza madera wa Mtaa wa Kongo, alisimama baada ya sehemu ya sita akasema, "Hapa dada kakosea. Mama wa watu anamlilia mtoto wake, yeye anatuwekea utani wa bei ya nyanya. Angetuacha tulie." Wengi wakaitikia, na mimi niliitikia nao. Hilo ni lako, Mboni, lichukue. Yale mengine hayakuwa yako.

Sehemu ya kumi ikafika mahali pake. Bi Tausi amesimama mlangoni na ule mkono wake wa gauni uliounguzwa, na sasa kila mtu banda zima anajua uliungua lini na alikuwa anamwokoa nani. Wewe hukumpa maneno mengi. Ulimpa moja tu: "Nendeni, hewa inawatosha." Nje muuza kahawa alikuwa anapita akigonga vikombe vyake, akachungulia, akaacha kugonga. Ulipoanza kutuaga sauti ikakatika palepale ilipokatika mwanzo, lakini safari hii hakuna aliyesema umechoka. Mzee mwenzangu pembeni alikuwa amefunika uso kwa kofia.

Ilipokwisha, Abdulmalik akapanda juu ya ndoo.

"Jamani! Mimi nimemtukana mtu kwa kosa la flashi!"

"Shuka, utaivunja ndoo ya watu!" akapiga kelele Uledi.

"Sishuki! Yule dada kaua! Tena kaua sana! Rudia mwisho!"

Banda zima likachukua: rudia, rudia. Uledi akarudia, na wakaitazama sehemu ya kumi mara ya pili wamesimama, wakishangilia kila unapofungua kinywa kana kwamba ni fainali ya kombe. Nimeishi mji huu tangu nikiwa kijana, Mboni. Sijawahi kuona watu wa Mchikichini wakimpigia makofi mtu ambaye hayupo.

Jioni ileile Abdulmalik alijirekodi tena, akakuomba radhi kwa kukutaja jina, akawaeleza watu ile dawa ya sifuri kama vile yeye ndiye aliyeigundua. Nimemwachia. Jana nilizunguka maduka saba ya muvi, sita wamekwisha kupanga upya, na la saba nilisubiri mpaka wakapanga. Wanaoutazama sasa wanasema huu ndio msimu bora kuliko yote minne.

Jumapili ile, Urvish alinifuata nje. Akauliza, "Mzee, huyu binti anarudi lini?" Nikamwambia mimi si msemaji wako. Akasema amekupigia mara tisa. Yule wa Manzese bado hajasaini. Anataka sauti ileile iliyomuaga Bi Tausi iifungue tamthilia mpya, lakini studio imekwisha kupangwa na Ijumaa hii lazima asaini na mtu mmoja. Hiyo ni keshokutwa tangu ninapoandika, na kwako utakaposoma itakuwa kesho.

Sikuamulii. Nasema tu kwamba ulikimbia hukumu iliyotolewa na watu walioanza na ukurasa wa mwisho, na watu haohao wameifuta.

Msalimie sana mama yako, na kaka yako Eliakimu mwambie yale maharage aliyotuma yamefika bila hata punje yenye wadudu. Leticia anakusalimu, na anasema gauni la kurudi nalo mjini yeye ndiye atakayelishona. Mungu akuhifadhi wewe na sauti aliyokupa, akutangulie mbele na kukufuata nyuma.

Ukimaliza kusoma mstari huu, leo hii kabla hujafanya lingine lolote, mpigie Urvish.

Mjomba wako akupendaye, ambaye sasa anasikiliza mpaka mwisho,

Vitalis