Saini Yangu kwenye Karatasi za Lokta

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Thulodhunga Bazar

Jina: Lalmaya Chhantyal
Umri: Miaka 53
Kazi: Mtunza stoo, Ofisi ya Ardhi ya Wilaya
Makazi: Chumba cha kupanga, nyuma ya stendi ya mabasi. Naishi peke yangu.
Tarehe: 22 Saun 2080 (kwa kalenda ya nchi), saa 4:40 asubuhi

Nimeelezwa kwamba natakiwa kusema kweli. Nimekubali, na wala sikuja hapa kwa lingine.

Nimefanya kazi stoo miaka kumi na tisa. Mwezi wa Falgun uliopita ilikuja barua kutoka juu kwamba ofisi inunue vitu visivyoharibu misitu na mito. Karatasi za hati za ardhi ziwe lokta halisi, ile ya mkono itokanayo na magome ya kichaka cha milimani, kutoka kwa vikundi vya vijijini vinavyokata kichaka na kuacha mzizi uchipue tena. Mkuu wa ofisi, Bwana Ghanashyam Regmi, alinipa mimi jukumu la kukagua. Alisema, "Dada Lalmaya, wewe umezaliwa kwenye karatasi." Kweli. Kijijini kwetu Dhorgaun ndiyo kazi yetu.

Niliifanya kazi hiyo kwa moyo, pengine kupita kiasi. Niliondoa chupa za maji za plastiki na vikombe vya kutupa. Kila mtu nilimnunulia gilasi ya stili nikachora jina lake kwa msumari. Walinitania. Mhasibu, Sabitra Rijal, alisema, "Jamani, kesho dada atatuletea majani ya chooni!" Nilicheka nao. Nilipenda, nisifiche.

Mnamo tarehe 7 mwezi wa Asar, saa 5 asubuhi, mfanyabiashara Tekendra Lamsal alileta sampuli ya karatasi akisema ni lokta. Niliichana. Lokta ikichanwa hutoa nyuzi ndefu kama nywele. Ile ilikatika kavu, tena ilinuka dawa ya kiwandani. Nikamwambia, "Kaka, hii umeipaka rangi ya chai. Peleka kwingine." Nilipendekeza zinunuliwe kwa kikundi cha Dhorgaun. Dada yangu mkubwa, Dilmaya, yumo humo, na hilo nililiandika wazi tangu mwanzo.

Siku iliyofuata, saa 7 mchana, chai ilipita bila kuingia stoo. Nilidhani wamesahau. Nilikwenda jikoni nikakuta gilasi yangu imetundikwa msumarini, nyingine zote zipo kwenye sinia. Mpika chai aliinamisha macho. Hakuna aliyenitukana. Waliniacha tu. Nikiingia chumba, maneno yanakwisha. Nilikula chiura yangu, mchele mkavu wa kupondwa, humo humo stoo, mlango nimeurudisha. Ilifika mahali nikawa nayahesabu marobota ya stoo kwa sauti ili nisikie mtu anaongea.

Tarehe 31 Asar ndiyo siku ya mwisho ya mwaka wa serikali. Fungu la fedha lisilotumika hadi saa 11 jioni hurudi hazina. Kila ofisi ninayoijua, siku hiyo hupokea kwa saini vitu ambavyo bado viko njiani. Tumezoea hivyo, na hata mimi nimewahi kusaini viti ambavyo nilivikalia miezi miwili baadaye. Mvua ilikuwa imeangusha mlima barabarani, na mzigo ulioagizwa Dhorgaun haukuwa umefika.

Saa 9:10 alasiri Sabitra alikuja stoo. Alisema, "Dada, unajificha nini huku? Njoo chai." Nilikwenda chumba cha Mkuu. Gilasi yangu ilikuwa kwenye sinia pamoja na zao. Mkuu mwenyewe alinivutia kiti. Lamsal alikuwepo, akasema, "Dada yetu mkali! Hata mkewe Mkuu hamwezi Mkuu hivi." Tulicheka wote. Kisha Mkuu akasukuma hati ya kupokea. Akasema, "Saini tu, mzigo wa Lamsal utakuja kesho. Ukiuona mbaya, unaurudisha." Niliangalia saa, ilikuwa 9:35. Nilisaini kwamba nimekagua na ni lokta halisi. Sikuwa nimeona hata karatasi moja.

Kesho yake, tarehe 1 Saun, saa 4:20 asubuhi, marobota yalifika. Nilichana karatasi tatu. Ni zilezile. Nilimpelekea Mkuu, akasema, "Umeshasaini, dada. Ule si mkono wako?" Saa 7 mchana gilasi yangu ilikuwa msumarini.

Tarehe 5 Saun, saa 8 mchana, wanawake tisa wa Dhorgaun waliingia uani na mizigo ya karatasi mgongoni, kamba ya mzigo ikipita kwenye kipaji cha uso. Walikuwa wameuzunguka mlima kwa miguu siku mbili. Waliambiwa zimeshanunuliwa. Dilmaya aliomba kuona zilizonunuliwa, akachana moja, akauliza, "Nani aliyeipokea hii?" Nilisema, "Mimi." Nilimwomba walau apumzike chumbani kwangu. Akasema, "Tuna safari," akarudisha kamba kipajini. Tangu siku hiyo nikipiga simu hapokei. Wao ndio walioleta malalamiko hapa, na wana haki.

Leo asubuhi, saa 3:15, Sabitra alinisubiri nje ya lango la kituo. Alisema, "Dada, sema hukumbuki. Sisi sote tutasema hivyo. Mambo yakitulia tunakunywa chai pamoja kama zamani." Nilimjibu, "Mdogo wangu, nakumbuka vizuri sana."

Saini ni yangu. Hakuna aliyeighushi. Afisa ameniuliza kama nilitishwa. Hapana. Ameniuliza nilipewa nini. Nilipewa chai, na kiti katikati ya watu. Ndicho nilichouzia jina langu, na naona haya kukisema, lakini ndicho.

Nimesema yote niliyoyaona na niliyoyatenda, na mengine sina.

Saini: Lalmaya Chhantyal

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, ameyakubali na kusaini mbele yangu. Amekabidhi vipande vitatu vya karatasi kama vielelezo. Baada ya hapo aliletewa chai. Alitoa mkobani gilasi yake ya stili, akaniomba nisiondoke mpaka amalize. Nimekaa.

Inspekta Harkajit Rokaya, saa 6:05 mchana