Vichwa vya Ng'ombe wa Mzee Mwita

Nyarero, Tarime

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi mwili ni mzima ila roho iko juu juu, na sina wa kumwambia zaidi yako.

Unaujua ugonjwa wangu wa kuchimba maneno. Wiki iliyopita niliwaeleza kidato cha pili neno "cattle", yaani ng'ombe kwa Kiingereza, lilikotoka. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa wa zamani, ambao kwao lilikuwa mali ya aina yoyote, na hao walilirithi kutoka Kilatini, ambako mzizi wake ni kichwa. Nilinogewa, Mama. Nikawaambia waende nyumbani wakahesabu vichwa vya ng'ombe wao, waniletee jibu kwa Kiingereza.

Sisi wa Masasi tumezoea kupima korosho kwa kilo, ningejuaje? Huku ng'ombe hahesabiwi. Mwenyewe anamjua kila mmoja kwa jina na rangi yake. Ukihesabu, unaita balaa. Wanafunzi wengi walibuni tu namba. Lakini Bhoke, msichana msikivu kuliko wote, alisimama mlangoni mwa zizi akahesabu kwa sauti. Siku ya pili yake ng'ombe mwenye mimba hakurudi kutoka malishoni, na babu yake, mzee Mwita, akamkataza shule. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimekuja, mwenyeji kaugua.

Jana nilikwenda kuomba radhi. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, kwa mama yako mko wangapi?"

Mdomo ukajibu wenyewe, kama wewe ulivyotufundisha, tusitaje idadi yetu, tangu tulipomzika kaka Saidi: "Tupo, mzee."

"Kumbe hata nyie kwenu mnajua," mzee akasema, akaagiza niletewe maziwa ya mgando. Kuhusu Bhoke hakusema lolote, nami niliogopa kuuliza.

Ng'ombe bado anatafutwa, na leo dawati la Bhoke lilikuwa tupu. Naogopa huenda nimemfungia mtoto mlango wa shule kwa kunogewa kwangu. Kesho nitaita majina tena. Niombee aitike.

Nisalimie baba mdogo na mkewe, shangazi wa kule mashambani, na bibi, umwambie namkumbuka. Na jirani yetu akikuuliza tena watoto wako wamebaki wangapi, mjibu kwa niaba yangu pia: tupo.

Mwanao,
Zuhura