Nusu ya Kitabu Iliyobaki Sitalike

Jumamosi, 1 Februari
Matriksi tena, saa tatu nzima. Nestori kaelewa hatimaye. Yeye anafundisha Sitalike, mimi Mwamkulu. Tunakutana Mpanda mjini kila Jumamosi. Zimebaki wiki tatu tufanye mtihani. Ufadhili wa kusomea uzamili wa uchumi ni nafasi moja, mkoa mzima.

Kitabu cha hisabati ya mtihani ni changu. Kimoja, wasomaji wawili, nikakipasua kwa kisu cha jikoni. Mimi nusu ya matriksi, yeye nusu ya kalkulasi. Kila mtu amfundishe mwenzake, kisha tubadilishane. Wazo langu hilo. Nilijiona mjanja.

Jumamosi, 8 Februari
Hakuja. Eti mvua, barabara tope. Nimemwamini. Mama kaguna tu.

Jumamosi, 15 Februari
Kaja mikono mitupu. Nusu yake kaisahau mezani. Akaomba yangu aiangalie kidogo, akaipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Nikamshikia kurasa zisijikunje. Mimi mwenyewe! Simu yangu ni kitochi, haipigi picha ya maana.

Jumanne, 18 Februari
Nimemfuata Sitalike. Mlango umefungwa. Jirani muuza karanga kasema mwalimu yumo, anasoma. Nimegonga mpaka mkono ukauma. Hakufungua.

Amenigeuka. Naandika nilione kwa macho yangu.

Jumamosi, 22 Februari
Mtihani. Maswali manane, matano ya kalkulasi. Nimefanya matatu, nikakaa naangalia dari.

Nje Nestori akanifuata, anatabasamu. “Madam, usinune bwana. Nafasi yenyewe moja. Ungekuwa wewe ungefanyaje?”

Ningekuletea. Nikampa mgongo. Nimelia juu ya bodaboda njia nzima, dereva akajifanya hasikii. Namchukia. Najichukia zaidi kwa zile kurasa nilizomshikia.

Jumatatu, 3 Machi
Jina limetoka. Nestori. Sikushtuka.

Kipindi cha nne nimeingia darasa la hisabati, kidato cha sita. Wanafunzi walewale ninaowafundisha uchumi. Nimekaa dawati la nyuma. Binti mmoja kauliza, “Madam, umepotea darasa?” Nimemwambia hapana, sogea.

Mwalimu wao kaendelea na kalkulasi ubaoni. Nikanyoosha mkono, nikauliza swali. Walicheka. Halafu wakanyamaza kusikiliza jibu, kumbe nao hawakuwa wameelewa.